Uso wa Cherono

Tonny aliinunua ile skrini bila kuniuliza. Nalisema hili mwanzo kabisa ili mtu asije akadhani niliwahi kuifurahia hata siku moja. Duka ni letu sote wawili, liko Kitale, mtaa wa nyuma ya msikiti, na kazi yetu ni mabango, kadi za harusi na vitabu vya mazishi. Mimi napokea wateja, nafunga kazi na kuipeleka inakotakiwa. Tonny anakaa ndani na kuchora. Laptopu yake ilikuwa imeanguka, kioo kikapasuka, nusu ya picha ikabaki weusi mtupu. Mtu mwingine angebadilisha kioo. Yeye alitoka akarudi amekumbatia skrini ya mezani, pana kupita kiasi, iliyotumika ng'ambo ikachokwa huko ikaletwa kwetu.

"Zuena, cheki hii kitu," aliniambia, akiifuta vumbi kwa mkono wa shati lake. "Hii ndio wanatumia wale wa kutengeneza sinema."

Akaichomeka kwenye laptopu, ikawaka, na kila kitu ndani yake kikawa kinene. Bwana harusi mmoja wa Kachibora, kijana mwembamba niliyemwona kwa macho yangu, alikuwa na mashavu ya mtu aliyeumwa na nyuki. Nembo ya kanisa iliyopaswa kuwa duara ilikuwa yai lililolazwa.

"Tonny, hii skrini inadanganya."

"Haidanganyi, bana. Ni laptopu ndio haijakubali. Inatoa tu ile saizi ya skrini za kawaida, sasa skrini inaivuta ijae kona kwa kona. Nikipata njia ya kutoa picha yake kamili, utaona maajabu."

"Na kabla ya hayo maajabu?"

"Utazoea."

Sikuzoea. Yeye ndiye aliyezoea, na hilo ndilo baya zaidi. Alihangaika nayo, sitamnyima hilo. Alizima akawasha, alisoma ushauri wa watu mtandaoni, alipakua hiki na kile, akachomoa waya na kuuchomeka tena huku akisema bismillah kwa kunitania. Kila alipofungua orodha ya saizi, ile kubwa haikuwemo. Siku moja alibonyeza kitufe kilicho chini ya skrini yenyewe, na picha ikakaa sawa: bwana harusi akarudi kuwa mwembamba, nembo ikawa duara. Ila pande zote mbili zilibaki na ukanda mweusi, kwa hiyo upana wa kazi ukawa uleule wa skrini ya kawaida.

"Iache hivyo!" nikamwambia.

"Sasa nilinunua upana wa nini?"

Akaivuta tena ijae. Kwa sababu wateja walikuwa wakiingia wanasimama kuikodolea macho, wanasema heh, na Tonny ni mtu wa kupenda kuambiwa heh. Nilikasirika, na nikiyakumbuka sasa hivi bado nakasirika.

Jepchumba alikuja siku ya mvua. Mimi nilimfahamu kwa sura tu, anauza dawa za mifugo kwenye duka moja hapo mjini, lakini alikuwa hajaonekana muda mrefu. Aliingia akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, akaketi bila kukaribishwa, maji yakimchuruzika kutoka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Dada yangu amefariki," alisema. "Cherono. Aliolewa Matulo, lakini walikuwa wanakaa Kanduyi na bwana yake. Nilikuwa nimeenda kumuuguza."

"Pole sana, dada. Mungu amrehemu."

"Kansa ya koo. Mwisho hata maji ilikuwa haipiti."

Nilimtengenezea chai. Kwetu sisi mtu akifa asubuhi, jioni ameshalala kaburini, amefunikwa sanda, na hakuna picha. Hivyo ndivyo nilivyowazika wazazi wangu. Lakini nimefanya kazi hii miaka mingi, na siwadharau wanaotaka bango. Kila mtu anatafuta mahali pa kushika.

Jepchumba hakutaka bango la kupamba hema tu. Alitueleza taratibu, akirudia maneno, mpaka nikaelewa kwamba mwenye ombi hapa ni Cherono mwenyewe. Cherono alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mwili na kicheko, anayeuza mitumba Kanduyi na kujulikana na kila mtu. Ugonjwa ulipomwanza alifunga mlango. Alikataa wageni, akakataa kupigwa picha, akageuza kioo cha chumbani kikatazama ukuta. Alimwapisha mdogo wake: watu wasinione hivi, wanikumbuke nilivyokuwa. Na zaidi ya wote, mama asinione.

"Mama ako Kachibora, ana presha," Jepchumba alisema. "Cherono akasema mama akijua, tutazika watu wawili. Tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Kila jioni mama alikuwa anapiga simu. Cherono hawezi kuongea, kwa hivyo mimi ndio nashika. Mama anauliza, amekula? Nasema amekula, amelala."

Alikunywa chai kidogo.

"Sasa huko Matulo, kwa bwana yake, mtu hazikwi kama hajaonekana uso. Lazima sanduku ifunguliwe, watu wapite waone. Ukifunga, wanaanza maneno. Ati alipewa sumu, ati si yeye ako ndani. Nimebishana na shemeji Jotham, ndio mkubwa wa boma, mpaka nikapiga magoti. Akakubali sanduku ifungwe. Lakini akasema basi picha yake isimame hapo kwa kichwa, iwe ya urefu wa mtu, watu wapite waangalie hiyo. Mama pia ataangalia hiyo."

"Kwa hiyo hili bango ndilo uso wake," nikasema.

"Ndio uso yake. Hakuna ingine."

Picha yenyewe ilikuwa kwenye simu. Nadhani nilikuwa mtu wa mwisho dukani kuiona vizuri. Cherono amesimama mbele ya ghala la mahindi kwa mama yake, gauni la njano, mikono kiunoni, anamcheka anayempiga picha. Shingo imejaa, mashavu yameinuka mpaka macho yamebaki mistari. Ukimwona unataka kujua kilichomchekesha.

Tonny akaihamishia kwenye kompyuta, na Cherono akajitokeza kwenye ile skrini yake pana. Jepchumba akarudi nyuma na kiti.

"Huyu ni nani?"

"Ni yeye, madam. Hii skrini huwa inapanua kidogo."

"Hapana. Amefura. Si yeye huyu. Mpunguze."

Tonny akashika ukingo wa picha na kuusukuma ndani. Cherono akapungua.

"Tena."

Akapungua tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha ndani na birika mkononi. Jepchumba alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa skrini. Alikuwa akitafuta kitu pale, akikipima kwa macho.

"Tena kidogo. Hapa kwa shavu."

"Tonny," nikasema, "si umesema skrini ndiyo inayopanua? Ukipunguza hapo, kwenye karatasi itatoka vipi?"

"Nimefikiria hiyo, Zuena. Na mwenyewe si ndiye huyu ameketi hapa?"

Jepchumba hakugeuka kunitazama. "Mimi nimelala na yeye kitanda moja miezi hii yote," alisema. "Nimemwosha uso asubuhi na jioni. Hakuna mtu anajua hiyo uso kuliko mimi."

Nilirudi nyuma na birika langu. Tonny alisukuma mara ya mwisho, na Jepchumba akapiga kofi moja dogo, akaufunika mdomo.

"Hapo. Wacha hapo. Ndio yeye."

Akalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. Tonny mwenyewe, ambaye halii hata akikata vitunguu, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Duka letu lina desturi. Kazi ya mazishi haichapwi mpaka mteja atumiwe sampuli kwenye simu yake, aitazame, ajibu. Desturi hiyo imetuokoa mara nyingi, maana watu wenye msiba hukosea hata jina la baba yao. Lakini mteja akija mwenyewe akaketi pale, hatumtumii sampuli. Ameshaona. Kumtumia tena ni kama kumwambia hujui unachokitaka. Kwa hiyo Jepchumba hakutumiwa. Kazi ilikwenda moja kwa moja kwa wenye mashine kubwa ng'ambo ya barabara, nao wakaichapa, wakaifunga ndani ya chuma chake cha kusimamia, ile aina inayojikunja ndani ya kisanduku na kuvutwa juu ukifika. Nililetewa kisanduku kimefungwa ndani ya mfuko wake. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kukivuta.

Nilikwenda nacho Matulo mwenyewe. Mabango ya namna hiyo watu huyavunja wakiyasimamisha, na hili sikutaka livunjwe. Jepchumba nami tulitangulia, mwili ukabaki unasubiriwa kutoka mochari ya Bungoma.

Boma lilikuwa limejaa. Mahema yamepandishwa, kwaya ya kanisa imevaa sare za zambarau, wanawake wanasonga ugali nyuma ya nyumba, na pembeni kwenye migomba kuna rundo la udongo mwekundu ambalo kila mtu alilizunguka bila kulitazama. Wabwile, mume wa Cherono, alikuwa ameketi mbele akiwa amevaa koti lisilomtosha. Nilimpa pole, akaitikia kwa kichwa.

Mama yao alikuwa ameshafika kutoka Kachibora. Alikuwa mzee mdogo wa umbo, sweta la buluu limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya mapaja. Jepchumba alinitambulisha, akasema huyu ndiye ameleta picha. Mama akanishika mkono na hakuuachia.

"Wewe ndio umeniletea mtoto wangu?"

"Nimeleta picha yake, mama."

"Basi nitamwona," alisema. "Hawa wamenikataza sanduku. Wanasema ni dawa za hospitali zimeharibu ngozi. Sijabisha. Nimeambiwa nitamwona kwa picha."

Nilitazama kando. Jepchumba alikuwa ameinamia kamba ya kiatu chake.

Gari la maiti likaingia, vilio vikapanda, sanduku likateremshwa na kuwekwa katikati ya hema kuu juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cheupe. Jotham alisimama na maikrofoni. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alisema kwamba marehemu aliomba sanduku lisifunguliwe, na kwamba familia imeheshimu. "Harafu watu watapita hapa kwa utaratibu," akasema, "mtu amwangarie dada yetu kwa picha, amuage." Akanipungia mkono.

Nilikiweka kile kisanduku cha chuma nyuma ya meza, nikasimama nyuma yake kama tunavyofanya, nikashika upau wa juu na kuanza kuvuta. Ukivuta ukiwa nyuma huoni chochote ila mgongo mweupe wa bango. Picha inatokea upande wa pili, kichwa kwanza. Nilivuta polepole ili isikwame. Simu ikaanza kutetemeka kwenye mfuko wa buibui langu. Niliiacha. Ikatetemeka tena.

Nilijua kuna jambo kwa sababu ya kwaya. Walikuwa wanaimba vizuri, sauti zote nne, kisha safu ya mbele ikanyamaza, ya nyuma ikaendelea peke yake kidogo, nayo ikaisha. Nikachungulia pembeni. Jepchumba alikuwa amesimama mbele ya bango, mdomo wazi.

Nikafunga upau juu ya mlingoti na kuishika simu.

"Zuena! Imekubali!" Alikuwa Tonny, anapiga kelele. "Ubaid, yule fundi wa simu, amenipatia waya ingine, nikachomeka kwa ile shimo ndogo ya pembeni, si hii ya kawaida. Skrini imefunguka yote! Yaani ni kama nilikuwa naangalia kwa kitundu."

"Tonny, niko matangani."

"Najua. Sikia. Nilisema wacha nifungue kazi ya Cherono nione vile inakaa kwa saizi yake..." Nilisikia kiti chake kikilia. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Zuena. Hiyo bango usifungue."

Nilikata simu, nikazunguka mbele.

Gauni lilikuwa la njano. Ghala la mahindi lilikuwa nyuma yake. Lakini aliyesimama pale, mrefu kama mtu hai, alikuwa mwanamke aliyekondeana. Uso umekuwa mrefu, mashavu yamechongoka, shingo imebaki kijiti, mabega yameanguka ndani ya gauni. Na kicheko chake, Mungu wangu, kwenye uso ule mwembamba hakikuwa kicheko tena. Kilikuwa meno.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichofanya. Skrini ilimnenepesha Cherono mzima, na Jepchumba akamwona mgeni. Yeye alikuwa amekaa na uso mmoja tu miezi ile yote, ule wa kitandani. Kila alipomwambia Tonny punguza, alikuwa akiurudisha ule anaoujua, mpaka akaupata.

"Nilimfanya mimi," alininong'oneza. "Dada, ni mimi nilimfanya."

"Nalishusha. Nalishusha sasa hivi."

Nilikuwa nimeshanyoosha mkono wakati sauti zilipoanza nyuma yetu. Walikuwa wanawake wa sokoni Kanduyi, waliokuwa wakiuza mitumba bega kwa bega na Cherono.

"Huyu si Cherono."

"Si huyo. Cherono alikuwa na mwili."

"Basi nani ako kwa hiyo sanduku?"

Neno hilo likatembea hemani haraka, safu kwa safu. Mzee mmoja alisimama akasema kwa sauti kwamba hata yeye ameshangaa, mtu gani anazikwa amefichwa. Mwingine akasema fungueni. Wakalishika neno hilo wengi: fungueni, fungueni tumwone. Jotham alitukaribia, maikrofoni ameiweka nyuma ya mgongo. Alikuwa amewahi kumwona Cherono mara moja siku za mwisho, kwa hiyo yeye alijua. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka.

"Shemeji," alimwambia Jepchumba, "tulikubaliana picha ya wakati alikuwa mzima. Hii ni nini umeleta?"

"Mashine ilikosea, shemeji. Hii dada ataishusha. Tutaletewa ingine."

"Saa ngapi? Kaburi iko wazi. Wewe ukishusha hii, hawa watu watafungua sanduku kwa nguvu, na mimi sitawazuia. Siwezi." Alimtazama machoni. "Kuna njia mbili. Useme mbele yao hii picha ni yake, ni ya kweri, wapite waone, tumzike. Ama nifungue."

Jepchumba alitazama sanduku. Kisha akamtafuta mama yake kwa macho, naye mama alikuwa ameketi palepale kwenye safu ya kwanza, mikono juu ya mapaja, akilitazama bango bila kupepesa. Nilimwona Jepchumba akipima, kama alivyopima siku ile dukani. Ndani ya sanduku mlikuwa na kile alichokula kiapo kisionekane. Nje kulikuwa na mfano wake, mkubwa, wa rangi, na mama ameshauona.

Alichukua maikrofoni.

"Ni yeye," alisema. Sauti ilikwaruza kwenye spika. "Mimi ni mdogo wake, nilikuwa naye mpaka mwisho. Alikuwa amekonda. Aliugua kansa ya koo. Hivi ndivyo alikuwa. Hii ni picha yake ya kweli. Msifungue."

Yule mzee akaketi. Mmoja wa wale wanawake wa Kanduyi akaanza kulia, akasema kumbe, kumbe ndio maana alifunga mlango, na wenzake wakampokea. Watu wakapanga mstari. Walipita mmoja mmoja mbele ya bango letu, wakalitazama kama wanavyotazama maiti, wengine wakagusa fremu yake, na wakarudi kuketi wakiwa wameamini. Mimi nilisimama kando nikitaka ardhi inimeze. Nimeshawahi kuchapa jina vibaya, tarehe vibaya. Sijawahi kusimama hivyo, nikitazama kosa langu likiagwa na kijiji kizima.

Mama alikuwa wa mwisho. Alikataa kushikwa. Alisimama mbele ya bango, na kwa kuwa alikuwa mfupi ilimbidi ainue kichwa. Aliweka kiganja kwenye lile shavu lililochongoka na kukiacha pale.

"Jepchumba," aliita, bila kugeuka.

"Naam, mama."

"Nilikuwa nakuuliza kila jioni."

"Ndio, mama."

"Alikuwa anakula?"

"Hapana, mama," Jepchumba alisema. "Alikuwa hawezi kumeza."

"Nilikuwa nasaga unga," mama alisema. "Nilisaga wimbi nikaiweka kwa gunia, nikasema wakija Krismasi ataenda nayo. Nikasema huyu anapenda kula, nisage mingi. Na yeye alikuwa analala njaa hapo Kanduyi, na wewe unaniambia amekula."

"Alinikataza, mama. Aliniapisha."

Jepchumba akafungua simu yake, ikamponyoka, nikaiokota mimi. Akaifungua tena, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mama yake, akaiinua. Ilikuwa ile picha, jinsi nilivyoiona siku ya mvua kabla hatujaigusa. Shingo imejaa. Macho yamebaki mistari.

"Mama, angalia. Huyu ndiye yeye. Hii kubwa ni makosa, iliharibika kwa mashine. Huyu ndiye alitaka umkumbuke. Tafadhali angalia huyu."

Mama aliitazama simu. Aliitazama kwa muda, kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto wa jirani. Kisha akairudisha taratibu kwa upande wa mkono.

"Huyo namjua," alisema. "Nilimzaa, nikamlisha. Nilimpiga hiyo picha mimi mwenyewe. Huyu hapa ndiye nilinyimwa."

Tulimzika Cherono mchana huo. Pasta alihubiri kwa kifupi, Wabwile akarusha mchanga wa kwanza, vijana wakashika majembe. Tonny alipiga simu tena na tena, na mwisho nikapokea. Alisema ameshachapisha lingine, sahihi kabisa, amempa mtu wa pikipiki yuko njiani, tusilipe kitu. Alikuwa analia. Nilimwambia amrudishe mtu wake.

Udongo ulipokwisha nilikwenda kulikunja bango. Nilidhani nitalirudisha Kitale nikalichome nyuma ya duka. Mama alinikuta nikiwa nimeshika upau.

"Funga vizuri," aliniambia. "Isikunjamane uso. Naenda nayo Kachibora."

"Mama, nitakuletea lile zuri. Nitalileta mwenyewe mpaka nyumbani."

"Funga hiyo."

Nililishusha polepole. Meno yakaingia ndani ya kisanduku, kisha macho, kisha nywele, kisha jina lake. Nikafunga zipu ya mfuko na kumpa. Kilikuwa kirefu na kizito kwa mtu wa umri ule. Alikipakata mikononi, kichwa upande wa kushoto, akaanza kushuka kuelekea kwenye gari. Jepchumba alimkimbilia, akanyoosha mikono amsaidie kubeba. Mama hakumpa.